Bridget Jones: sauti ya gazetini, mifupa ya kuazima

Tarehe 28 Februari 1995 gazeti la The Independent la Uingereza lilianza kuchapa shajara ya mwanamke ambaye hajawahi kuzaliwa. Jina la mwandishi halikuwekwa. Safu ilikuwa na jina la Bridget Jones, picha ya mwanamke mwenye sigara na glasi ya mvinyo, na mahangaiko ya wiki: uzito uliopanda, sigara zilizovutwa, mwanamume ambaye hakupiga simu. Safu za namna hiyo huishi miezi michache tu, kisha mhariri anabadilika au mwandishi anaishiwa. Hii ilizaa riwaya 4 na filamu 4, na filamu ya mwisho ilitoka Februari 2025, miaka 30 tangu siku ile.

Ukiifungua kazi hii kipande kwa kipande unakuta vitu viwili ambavyo havikuzaliwa pamoja. Sauti ya Bridget ilitoka gazetini ikiwa imeshaiva, na imehamia kila ilikopelekwa bila kuumia sana. Mifupa, yaani kisa chenye mwanzo na mwisho, gazeti halikuwa nayo. Ilibidi iazimwe mahali pengine, na palipoazimwa vibaya kazi ilichechemea.

Mwandishi aliyekataa kujianika

Helen Fielding alizaliwa mwaka 1958 Morley, Yorkshire, akasoma Kiingereza Oxford, kisha akafanya kazi BBC. Mwaka 1985 alitayarisha matangazo ya moja kwa moja kutoka kambi ya wakimbizi mashariki mwa Sudan kwa ajili ya kuzindua Comic Relief, harambee ya wachekeshaji wa Uingereza, na baadaye akatengeneza makala nyingine za televisheni barani Afrika. Huko ndiko ilikotoka riwaya yake ya kwanza, Cause Celeb, ya mwaka 1994. Inahusu kambi ya wakimbizi katika nchi ya kubuni iitwayo Nambula, na mastaa wa London wanaokuja kuokoa wenye njaa huku kamera zikiwaka. Ni kejeli kali, na msomaji wa Afrika Mashariki angeifurahia kuliko wengi. Haikuuzwa sana.

Mwaka uliofuata alikuwa anahangaika na riwaya nyingine, nzito, kuhusu tofauti za utamaduni huko Karibi, na fedha zilikuwa zinaisha. Hapo The Independent likamwomba aandike safu kuhusu maisha yake mwenyewe, mwanamke asiyeolewa wa miaka thelathini na kitu mjini London. Akakataa kujianika. Akasema yuko tayari kuandika kama mtu wa kubuni, aliyetiwa chumvi, na bila jina lake.

Uamuzi huo mdogo ndio uliobeba yote yaliyofuata. Mwandishi wa safu ya maisha yake halisi hukwama haraka kwa sababu mbili. Kwanza mambo humwishia: hakuna anayeachwa na mpenzi kila wiki. Pili, rafiki na mama mzazi husoma gazeti, kwa hiyo yaliyo matamu zaidi ndiyo yasiyoandikika. Mtu wa kubuni hana vizuizi hivyo. Anaweza kulewa mbele ya bosi wiki hii na kuunguza chakula cha wageni wiki ijayo, na hakuna wa kumpigia simu mhariri kulalamika.

Hata umbo la shajara halikuwa jipya. Ndugu wawili, George na Weedon Grossmith, walichapa The Diary of a Nobody kwa vipande kwenye jarida la Punch mwaka 1888 na 1889 kabla haijawa kitabu mwaka 1892. E. M. Delafield alianza shajara ya bibi wa mashambani kwenye jarida la Time and Tide mwaka 1929, kitabu kikafuata mwaka 1930. Wote walianzia gazetini, na sababu yake ni ya kiufundi. Shajara haihitaji utangulizi: tarehe ndiyo mlango. Msomaji aliyekosa wiki tatu anaingia tu. Tena mwenye shajara hajui kesho kitatokea nini, kama vile mwandishi wa safu asivyojua ataandika nini wiki ijayo.

Mistari mitatu ya juu

Alama ya kazi ya Bridget ni hesabu zinazofungua siku. Riwaya ya kwanza inaanza Jumapili ya tarehe 1 Januari kwa uzito wa stoni 9 na ratili 3 (kama kilo 58 na nusu), uniti 14 za pombe, sigara 22 na kalori 5,424. Karibu na tarakimu kuna mabano, na ndani ya mabano kuna kisingizio: uzito ni wa baada ya Krismasi, pombe kwa kweli ni ya siku mbili. Tarakimu inasema kweli, mabano yanajitetea, kisha habari ya siku inakuja kuumbua mabano. Kicheko kiko katika mpangilio huo wa hatua tatu. Ukiondoa mabano inabaki ripoti ya zahanati. Ukiondoa tarakimu inabaki mtu anayelalamika.

Ila lazima ujue vipimo. Uniti moja ya pombe kwa Waingereza ni mililita 10 za pombe tupu. Chupa ya mvinyo ya mililita 750 yenye asilimia 12 ina uniti 9, kwa hiyo uniti 14 ni chupa moja na nusu na kidogo. Wakati ule wanawake wa Uingereza walikuwa wakiambiwa na madaktari wasizidi uniti 14 kwa wiki. Kwa maneno mengine, Bridget amemaliza posho ya wiki nzima kabla jua la mwaka mpya halijazama, na msomaji wa London aliiona hesabu hiyo papo hapo. Mtafsiri akiandika "glasi 14" ameua mzaha na kumfanya mlevi wa kupindukia. Akiandika "kipimo cha daktari cha wiki nzima" ameuokoa.

Uzito nao una mtego wake. Kilo 58 katika mitaa mingi ya kwetu ni mtu wa kuulizwa kama ametoka kuumwa, na "umenenepa" bado ni pongezi kwa wengi. Mzaha unasimama tu pale msomaji anapojua kwamba Bridget si mnene hata kidogo. Maradhi yako kwenye mizani, mwili hauna tatizo. Fielding anajua asikuachie ukisie. Mwezi Aprili Bridget anafikia ndoto yake ya miaka mingi, stoni 8 na ratili 7, yaani kilo 54. Anakwenda kwenye sherehe akisubiri kusifiwa. Rafiki zake wanamwuliza kama anaumwa, na mmoja anamwambia kwamba alipendeza zaidi zamani. Hesabu ya miezi minne, na kwa kweli ya ujana mzima, inavunjwa kwa sentensi moja ya mtu anayemtakia mema.

Kitabu kinafunga kwa jumla ya mwaka: uniti 3,836 za pombe, sigara 5,277. Gawanya kwa siku 365 upate uniti 10 na nusu na sigara 14 kwa siku. Maazimio ya mwaka mpya yaliyotimizwa: 1.

Kuna jambo ambalo waigaji wengi hawakuliona. Hesabu zile hazikuwa za mwili tu. Bahati nasibu ya taifa ya Uingereza ilianza Novemba 1994 na kadi zake za kukwangua zikaingia madukani Machi 1995. Bridget anahesabu namba alizopata na kadi alizokwangua. Mwishoni mwa 1994 kampuni ya simu ilileta huduma ya kupiga 1471 ili ujue nani alikupigia ukiwa haupo. Bridget anahesabu mara alizopiga 1471 siku ambayo mwanamume fulani hajapiga. Huo ni uandishi wa gazeti hasa. Kitu kina miezi minne sokoni, kila msomaji anakitumia kwa aibu yake ya siri, na safu inakitaja kabla mtu mwingine hajakitaja. Walioiga waliiga kalori na sigara, wakasahau kutazama nje ya dirisha.

Na lugha. Shajara ya Kiingereza hudondosha kiwakilishi cha "mimi" na kufupisha maneno, ikasikika kama mtu anayeandika huku anatafuta kiatu. Kiswahili hakiruhusu mchezo huo kirahisi, kwa sababu "ni-" imeshonwa ndani ya kitenzi. Ukiing'oa, kitenzi kinabaki yatima. Anayetaka mwendo ule kwa Kiswahili afupishe kwa njia za Kiswahili: majina matupu na saa ("Saa 3:40 asubuhi. Bado kitandani. Kikao saa 3."), "naenda" na "nalala" mahali pa "ninakwenda" na "ninalala", na kitenzi-jina pale amri inapojielekeza kwa mwenyewe ("Kutompigia. Kutompigia kabisa."). Saa zenyewe azigeuze. Saa mbili ya usiku wa manane ya Mwingereza ni saa nane yetu, na shajara inayotaja saa kila dakika kumi haisamehi kosa hilo.

Safu haina mwisho, kitabu kinautaka

Fielding amesimulia kwamba alidhani safu ingefutwa baada ya wiki sita kwa upuuzi wake. Badala yake wasomaji waliing'ang'ania, na mchapishaji wake, Picador, akakubali riwaya ya Karibi iwekwe kando ili Bridget awe kitabu.

Hapa ndipo safu nyingi hufia. Ukibandika vipande 50 vya gazeti kimoja baada ya kingine hupati riwaya. Kila kipande humtambulisha upya bosi, mama na rafiki, kwa kuwa msomaji wa wiki ile huenda ni mgeni. Kitabuni utambulisho wa pili tayari ni kero. Kila kipande hurudisha mambo pale yalipoanzia: Bridget anaapa, anavunja kiapo, anaapa tena. Gazetini marudio hayo ndiyo raha, maana siku saba zimepita. Kitabuni zimepita kurasa nne. Mizaha ya habari za wiki nayo huoza kama samaki.

Dawa ya kwanza ilikuwa kalenda. Riwaya iliyotoka Oktoba 1996 inakwenda Januari hadi Desemba, mwezi mmoja sura moja, maazimio yakiwa mlangoni na jumla ya mwaka ikiwa mlango wa nyuma. Angalia kalenda ya zamani: tarehe 1 Januari iliangukia Jumapili mwaka 1995, mwaka wa safu yenyewe. Lakini kalenda inakupa ukuta tu, haikupi kisa.

Kisa kilitoka kwa Jane Austen, mwandishi wa riwaya wa Uingereza wa karne mbili zilizopita. Kuanzia tarehe 24 Septemba 1995 BBC ilirusha riwaya yake Pride and Prejudice kwa vipindi sita, mswada ukiwa wa Andrew Davies na Colin Firth akiwa Bwana Darcy, tajiri mwenye majivuno. Nchi ilisimama, na Bridget naye alisimama nayo, maana alikuwa mtazamaji kama wengine. Fielding hakuficha alichofanya. Amekiri mara nyingi kwamba aliiba kisa kile bila aibu, akitania kwamba kimeshafanyiwa utafiti wa soko kwa karne kadhaa.

Wizi huo ulikuwa wa fundi. Mark Darcy, wakili tajiri, anaonekana kwanza kwenye karamu ya mchuzi wa bata mzinga ya tarehe 1 Januari, akiwa na sweta ya mapambo ya ajabu na uso wa mtu aliyelazimishwa kuja. Bridget mwenyewe anaona ni kichekesho mtu kuitwa Darcy kisha asimame peke yake akinuna kwenye sherehe. Daniel Cleaver, bosi mcheshi, anashika nafasi ya Wickham, yule mwanajeshi mtanashati na mwongo. Ustadi mkubwa uko kwenye nafasi ya Lydia. Kwa Austen, binti mdogo anatoroka na tapeli na aibu inaangukia familia nzima mpaka Darcy aingilie kati kimyakimya. Mwaka 1995 msichana kutoroka na mwanamume hakumwaibishi mtu London. Fielding akampa mama mzazi kazi hiyo: Pam Jones anamwacha mumewe, anafuatana na Mreno aitwaye Julio, na Julio anageuka kuwa mwizi wa akiba za majirani. Mark ndiye anayekwenda kuokoa jahazi. Aibu imerudi, kwa sababu mama wa miaka sitini akifanya hivyo mtaa mzima bado unatetemeka.

Na kwa nini mifupa hiyo hiyo, miongoni mwa yote? Kwa sababu kisa cha Austen ni cha mwanamke mwerevu anayemsoma mtu vibaya na kushikilia usomaji wake. Shajara ni chombo cha kusoma watu vibaya kwa tarehe. Kila kosa la Bridget kuhusu Mark limeandikwa, limewekewa siku na saa, na haliwezi kufutwa. Riwaya ya kawaida ingelazimika kumficha msomaji mambo. Shajara haifichi chochote, mwenyewe hajui.

Jalada gumu liliuzwa kwa kiasi. Jalada laini la mwaka 1997 ndilo lililolipuka, na mwaka 1998 kitabu kikapewa tuzo ya Kitabu cha Mwaka cha Uingereza. Safu haikusimama: iliendelea The Independent hadi Septemba 1997, ikahamia The Daily Telegraph Novemba mwaka huohuo na kuisha Desemba 1998. Kwa miaka miwili, basi, gazeti liliuza kitabu na kitabu kikauza gazeti. Ni mpango mzuri wa biashara, ila una gharama. Mwandishi analisha mashine kila wiki kwa unga ambao angeuhitaji kwa mkate unaofuata.

Mkate uliofuata, The Edge of Reason wa Novemba 1999, uliazima Persuasion ya Austen: wapendanao waliotenganishwa na ushauri wa watu wengine. Washauri wa Bridget ni rafiki zake na rafu la vitabu vya kujisaidia. Yumo hata mtu aitwaye Giles Benwick, jina lililotolewa moja kwa moja kwa Austen. Mifupa inaonekana, lakini nyama imezidi, na safari ya Thailand inayoishia gerezani kwa dawa za kulevya zisizo zake ni kama kitabu kingine kilichoingia bila kubisha. Kipande bora kabisa ni Bridget kutumwa Rome kumhoji Colin Firth halisi kuhusu filamu yake mpya, naye akashindwa kuuliza chochote ila lile shati lililolowa maji alilovaa akiwa Bwana Darcy wa BBC. Kichekesho hicho kilikuja kuwatega watu wa sinema, kama tutakavyoona.

Kamera haisomi mawazo

Filamu ya kwanza ilitoka Aprili 2001. Mwongozaji Sharon Maguire ni rafiki wa Fielding, na ndiye kielelezo cha Shazzer, yule rafiki mtukanaji wa kitabuni. Mswada uliandikwa na Fielding mwenyewe, Richard Curtis, na Andrew Davies yuleyule wa mfululizo wa BBC. Colin Firth akapewa nafasi ya Mark Darcy, kwa hiyo mtu aliyempa mwandishi wazo akaja kulicheza wazo lake.

Tatizo la kiufundi lilikuwa kubwa. Raha ya kitabu ni pengo kati ya Bridget anavyojieleza na alivyo, na pengo hilo linaishi kwenye karatasi. Kamera inamwona mtu mmoja tu, kwa nje. Sauti ya msimulizi inasaidia, lakini ukiitumia kila dakika umetengeneza redio yenye picha.

Walichofanya ni kugawa kazi. Sehemu ndogo ilibaki kwenye sauti. Sehemu kubwa ikahamia mwilini mwa mwigizaji: majina ya mwanzo yanapita huku Bridget, ndani ya pajama, peke yake sebuleni, akiimba wimbo wa mtu mwingine kwa mdomo mtupu na kupiga ngoma hewani. Hakuna neno la shajara lililosemwa, na shajara yote iko pale. Kwa kazi hiyo Renée Zellweger, mwenyeji wa Texas ambaye uteuzi wake uliwaudhi Waingereza wengi, alinenepa kiasi cha kilo 10, akafundishwa lafudhi, na akafanya kazi kwa wiki kadhaa kwenye ofisi za Picador kwa jina la bandia. Moja ya kazi alizopewa, inasimuliwa, ilikuwa kukata habari za magazetini, zikiwemo zilizomponda yeye mwenyewe kwa kuchukua nafasi ile. Aliteuliwa kuwania Oscar ya mwigizaji bora wa kike.

Kisha wakaikata hadithi. Utapeli wa Julio ulitupwa wote; Julian wa kwenye filamu ni mtangazaji tu wa kuuza vitu kwenye televisheni. Ukikata hapo umekata uokozi wa Darcy, na bila uokozi Bridget hana sababu ya kubadili mawazo. Wakaziba shimo kwa vitu viwili. Kwanza walirudi kwa Austen kuchukua kitu kingine: kwenye karamu ya mwanzo Bridget anamsikia Mark akimsema vibaya kwa mama yake, kama Elizabeth, shujaa wa Pride and Prejudice, alivyomsikia Darcy. Pili waliigeuza shajara kuwa kitu cha kushikika.

Mwisho wa filamu Mark yuko nyumbani kwa Bridget. Bridget ameingia chumbani kubadili nguo. Daftari liko wazi, na Mark anasoma yaliyoandikwa juu yake miezi iliyopita. Anatoka bila kuaga. Bridget anasikia mlango, anakuta daftari, anaelewa, anamkimbilia barabarani kwenye theluji akiwa na chupi, sweta na raba. Mark anatokea dukani. Alikwenda kumnunulia shajara mpya. Tukio hilo halimo kitabuni, wala lisingeweza kuwemo, kwa sababu shajara haiwezi kusimulia jinsi inavyosomwa na mtu mwingine. Yale makosa yenye tarehe, yaliyokuwa siri ya msomaji, yanakuwa ushahidi mezani, na mtuhumiwa anasamehe kwa kununua karatasi tupu. Kwa maoni ya uchambuzi huu, huo ndio uhamisho bora kabisa katika safari nzima. Ugomvi wa Cleaver na Darcy kwenye mgahawa wa Kigiriki, nao ukiwa wa kubuniwa kwa filamu, unachekesha zaidi, lakini haubebi mzigo.

Filamu iligharimu kama dola milioni 25 na kuingiza zaidi ya milioni 280.

Ya pili, mwaka 2004, haitaki maneno mengi. Mahojiano ya Rome hayakuwezekana, kwa kuwa Firth ni Mark. Watu wawili wenye sura moja wangevunja filamu. Kichekesho bora cha kitabu kikatupwa. Daniel akasukumwa hadi Thailand ili Hugh Grant, anayemcheza, awe na kazi, na ushauri mbaya wa marafiki, ambao ndio uti wa mgongo wa Persuasion, ukafifia mpaka hauonekani. Yakabaki matukio yanayofuatana. Wahakiki waliichapa. Iliingiza zaidi ya dola milioni 260 hata hivyo, jambo linaloonyesha jinsi sauti inavyoweza kutembea muda mrefu bila mifupa.

Watoto wawili, vifo viwili

Kuanzia hapa njia zinapishana, na anayezifuata anahitaji daftari lake mwenyewe.

Agosti 2005 Fielding alirudi The Independent na safu mpya. Bridget akapata mimba, na safu ilipoisha mwaka 2006 alikuwa na mtoto wa kiume, baba akiwa Daniel Cleaver. Mwaka 2013 ikatoka riwaya ya tatu, Mad About the Boy. Bridget ana miaka 51 na watoto wawili, na baba yao ni Mark Darcy, ambaye amekufa: bomu la kutegwa ardhini limemuua Sudan. Mwandishi alianza kazi yake kambini mashariki mwa Sudan. Shujaa wake akaishia nchi hiyohiyo. Habari ya kifo ilivuja siku chache kabla ya kitabu kutoka na ikazua kilio cha kitaifa kana kwamba amekufa waziri. Kama haikutosha, baadhi ya nakala za kwanza zilitoka kiwandani zikiwa na kurasa kama 40 za wasifu wa mwigizaji David Jason katikati yake. Msomaji alitoka kwenye huzuni ya mjane akaingia kwenye kumbukumbu za mzee wa televisheni.

Kwa upande wa ufundi riwaya hiyo ina funzo moja zuri. Mistari ya juu imehuishwa: sasa Bridget anahesabu wafuasi wa Twitter, ujumbe uliotumwa na uliojibiwa, hata chawa waliotolewa kwenye vichwa vya watoto. Ni ile tabia ya 1471 imerudi baada ya miaka 18, na hapo ndipo kitabu kinapumua.

Watu wa filamu walikuwa na shida nyingine. Huwezi kumuua Firth kabla ya kumtumia. Mradi wa mtoto ulikokotwa kwa miaka, miswada ikabadilishwa, Hugh Grant akajitoa kwa sababu hakupenda alichosoma. Hatimaye Bridget Jones's Baby ikatoka mwaka 2016, ikiongozwa tena na Maguire. Bridget ana miaka 43, Mark yuko hai, na mshindani wake ni Mmarekani aliyechezwa na Patrick Dempsey. Emma Thompson aliingia kwenye uandishi na akajipa nafasi ya daktari, kisha akaondoka na mistari bora. Swali "baba ni nani?" si la Austen, ila ni mfupa halali: lina siku ya mwisho isiyohamishika, miezi tisa, kama kalenda ya riwaya ya kwanza. Ndiyo maana filamu inasimama vizuri kuliko ya pili. Mwaka huohuo Fielding alitoa kitabu cha kisa hicho, lakini humo hakuna Mmarekani. Mshindani ni Daniel.

Kwa hiyo kuna Bridget wa gazetini mwenye mtoto wa Daniel, Bridget wa riwaya aliyefiwa na Mark miaka mitatu kabla sinema haijamwozesha kwa Mark huyohuyo, na Bridget wa filamu aliyejifungua akiwa na miaka 43. Hakuna aliyejaribu kuwapatanisha. Filamu ya nne, ya mwaka 2025, ilichukua tu mjane wa riwaya ya 2013 na kumvika historia ya filamu ya 2016.

Ili iwezekane, ilibidi kasoro moja izibwe mapema. Grant alipokosekana mwaka 2016, waandishi walimfanyia Daniel mazishi: ndege imeanguka, kanisa limejaa wanawake warembo wenye vitambaa vya machozi. Mlango, hata hivyo, uliachwa wazi. Katika picha za mwisho, baada ya harusi, linaonekana gazeti, na kichwa chake cha habari kinasema Daniel Cleaver amepatikana akiwa hai. Mwaka 2025 Hugh Grant alirudi kazini.